Kwa binamu yangu aliyeniacha nilale

Binamu,

Mzee wa ngoma wa timu yetu ya besiboli ya Cleveland alipofariki mwishoni mwa Januari 2023, ujumbe wako ulinifikia kabla sijaisikia habari kwa mtu mwingine yeyote hapa mjini. "John Adams katutoka. Pole sana, mtani wangu." Tulikuwa hatujaandikiana tangu Idi. Niliusoma nimesimama jikoni, mwiko mkononi, uji ukaungua. Sikukujibu. Jibu ndilo hili. Najua nimelianika mahali ambapo shemeji na wenzako wa Houston watalisoma. Na wasome.

Kwa sababu nilikaa nikahesabu. Mzee wa ngoma hakuwahi kujua hata majina yetu, lakini kifo chake ulinipa habari ndani ya dakika chache. Cha Bibi ulilala nacho usiku kucha.

Usidhani naudharau msiba wa mzee yule. Nilimlilia. Mechi yangu ya kwanza, kiangazi cha 2014, sikuelewa chochote isipokuwa yeye. Watu wamesimama uwanjani kama wanaongoja basi, mmoja anatema mate, mmoja anapangusa gongo, na mimi nawaza siku yangu ya mapumziko imepotea hivi hivi. Halafu kutoka kule juu kabisa, kwenye mabenchi ya nyuma upande wa kushoto, dum, dum, dum. Ukaniambia yule anapiga ngoma ile tangu Agosti 1973, na kwamba hulipia viti viwili, kimoja chake na kimoja cha ngoma. Nikasema basi huu ni mchezo wa watu wenye akili. Ukanipa karanga za maganda, ukanifundisha kutupa maganda chini, nami nikawa natazama pembeni nikingoja mtu wa kutugombeza.

Uliponieleza sheria, ulisema ni rede, tofauti ni kwamba hawa wanalipwa. Bibi alilipenda hilo. Kila Jumapili kwenye simu: "Na ile rede ya watu wazima, mmeshinda?" Ukimwambia tumefungwa, anasema "Wachezaji wenu hawali." Ukimwambia mechi imekwenda saa tatu na nusu anashangaa kwani hao hawana wake. Ulimjibu besiboli haina saa, inaisha ikiisha. Siku hizi imeharibiwa hata hiyo, binamu. Msimu huu wa 2023 wamemwekea mtupaji saa: sekunde 15, au 20 kukiwa na mtu kwenye kituo. Najua umeshalalamika huko uliko, na kofia yako ya Astros, timu ya huko, kichwani. Hilo la kofia tutalizungumza siku nyingine.

Na ni wewe uliyenipeleka kwenye muziki wa roki, mimi niliyelelewa kwa taarabu ya Black Star na Lucky Star kwenye redio ya Bibi. Kwanza ukanipeleka kwenye lile jumba la kumbukumbu za roki, la piramidi ya kioo kando ya ziwa, ukanisimamisha mbele ya jina la Queen, ukawatangazia watalii kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wao, ni ndugu yako, mmezaliwa wote Zanzibar. Wewe wa Ngamiani, Tanga! Halafu Jumamosi moja baada ya mechi ukanipeleka Beachland, mtaa wa Waterloo, ule ukumbi uliokuwa wa Wakroatia. Spika zinatetemesha mbavu. Kijana mmoja mwembamba anapiga gitaa amefumba macho, na mimi damu ikanichemka, nikafanya kile ambacho mtu wa Tanga hufanya muziki ukimkolea. Nikapanda kumtuza. Nilimbandika dola tano kwenye paji la uso. Ilikuwa na jasho, ikashika. Ukumbi mzima ukanyamaza nusu sekunde kisha ukalipuka, na yule kijana bila kuacha kupiga akaichomoa ile noti akaichomeka kwenye nyuzi, kule juu kwenye kichwa cha gitaa, ikawa inapepea mpaka mwisho wa wimbo. Wewe ulikuwa umekaa chini, umeshika tumbo, unalia kwa kucheka.

Huyo ndiye binamu ninayemtaka. Siyo yule wa usiku wa tarehe 2 Novemba 2016.

Unakumbuka nani alikuwepo, sina haja ya kuwataja. Sufuria ya pilau ya jirani yetu wa Uvira ilikuwa juu ya meza ya kompyuta. Mechi ya saba ya fainali, Chicago wanatuongoza sita kwa tatu, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa mbele mechi tatu kwa moja. Tangu 1948 mji huu haujachukua kombe la besiboli. Zamu ya nane, wawili wetu wameshatolewa. Guyer wetu akatupatia moja, sita kwa nne. Akaingia Rajai Davis, ameshika gongo juu kabisa kama mtu anayetwanga, na Chapman wa Chicago anamtupia mipira ambayo macho yangu hayakuiona. Davis akaupiga. Haukwenda juu, ulikwenda chini chini, nilidhani utaugonga ukuta wa kushoto. Ukavuka. Sita sita. Mlinibeba, kichwa changu kikagonga taa, na alama ninayo hadi leo.

Kisha mvua. Ilianza uwanjani na kwenye dirisha letu la Lakewood kwa pamoja, wakafunika uwanja kwa turubai. Dakika 17, hakuna aliyekaa. Na katika dakika hizo simu yako ikalia. Ulitazama namba, ukatoka kwenye korido, ukavuta mlango. Nilikuona kupitia upenyo. Umeegemea ukuta, mkono mmoja juu ya kichwa, unasema "Ndiyo, Shangazi. Ndiyo, Shangazi." Nikafikiri ni hela. Huku ni saa sita kasoro usiku, Tanga ni saa moja kasoro asubuhi.

Ukarudi ukakaa pale pale ulipokuwa umekaa. Nikakuuliza, "Nani?" Ukasema, "Nyumbani wanasalimia."

Wanasalimia!

Turubai likaondolewa, zamu ya kumi, Zobrist wao akatuchoma, ikawa saba, ikawa nane. Davis tena akatupatia moja. Halafu Martinez wetu akauviringisha mpira mdogo chini, Bryant wao akaudaka anateleza huku anacheka, na Chicago wakamaliza miaka 108 yao bila kombe sebuleni kwetu. Nililia, binamu. Nilikulalia begani nikalia kwa ajili ya mpira, na wewe ukanipapasa mgongo huku umeshajua. Ukasema, "Basi, nenda kalale." Nikaenda.

Uliniamsha saa moja na nusu. Bibi alikuwa ameshazikwa baada ya adhuhuri. Nikakuuliza kwa nini, ukanijibu maneno ambayo nayasikia kila nikipita mlango ule: "Ulikuwa umeshalia. Sikutaka ulie mara mbili usiku mmoja."

Sasa mimi nakushauri, ingawa wewe ni mkubwa kwangu. Una watoto sasa. Msiba haukunjwi ukawekwa mfukoni mpaka mpira uishe. Mtu ana haki ya kuamka na kufiwa kwake. Ningefanya nini, unauliza. Nisingeweza kusafiri, najua, hata wewe usingeweza. Lakini ningekuwa macho! Ningekaa sakafuni na simu sikioni nikasikia wanawake wanasoma, nikasikia vyombo vya maji, nikasikia jeneza linatoka. Mama angenisikia napumua. Wajukuu wake wawili tuko Ohio, mmoja anajua na hasemi, mwingine anakoroma na jezi.

Na usiniambie habari ya simu yangu. Kwa nini ilikuwa imezimwa, ndivyo ulivyoniuliza kwenye ule ugomvi wa Columbus, mbele ya watu, siku ya ndoa yako. Kwa hiyo tuseme. Ilikuwa zamu ya saba. Jina la Mama likawaka kwenye kioo, nikalikata, nikazima simu kabisa. Uliniona nikikata, tulikaa goti kwa goti. Lakini Mama hupiga kila alfajiri, wewe mwenyewe shahidi, akitoka kusali anapiga kuuliza tumekula nini. Nani angejua kwamba ile haikuwa ya chakula? Nani angejua Bibi yuko macho anatutaja kwa majina? Mtu aliye kwenye mechi ya saba ya fainali, sita kwa tatu, anasemaje na mama yake? Ningempigia baada ya mechi. Nilishapanga. Hiyo siyo sawa na kujua na kunyamaza. Nimeipima kila upande miaka yote hii, siyo sawa.

Labda uliposimama pale korido uliikumbuka ile simu niliyoikata. Labda ndiyo maana. Hukuwahi kusema, na mimi sikuwahi kukuuliza.

Oktoba iliyopita, 2022, ile mechi na Tampa iliyokwenda zamu 15 bila bila mpaka yule mtoto Oscar Gonzalez akaumaliza kwa gongo moja, nilikuwa uwanjani peke yangu. Nikatoa simu nikapiga namba yako, ikalia mara moja, nikakata. Ile namba ngeni ya Ohio ilikuwa mimi, nilibadilisha laini.

Mechi ya kwanza ya nyumbani ni Aprili. Ngoma haitakuwepo, na timu sasa inaitwa Guardians kama yale masanamu ya darajani uliyokuwa unayapigia saluti, lakini karanga ni zile zile. Nina tiketi mbili. Baridi haijaisha huku, jaketi lako la buluu lipo kwangu, ila zipu imekufa. Ukija tutampigia Mama kwa video kutoka kitini, ameniuliza mara mbili kama bado huli vitunguu.

Mama hasomi mambo ya mtandaoni. Anaamini hadi leo kwamba usiku ule simu yangu iliisha chaji. Usimwambie.