Njoo na kamera, na viatu vyangu usisahau

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku Jambiani sote wazima, ila bibi yako goti linamsumbua kama kawaida, na mbuzi wa baba'ako kazaa pacha.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Eti mwalimu wenu kawapa kazi ya kupiga picha za "watu wa kawaida", nawe umewachagua wanawake wa mwani. Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Basi karibu, lakini nakuandikia haya kabla hujapanda boti, maana kwenye simu huachi mtu akamaliza kauli.

Mimi nimeshapigwa picha nyingi kuliko bi harusi. Tangu mwani uanze kulimwa upande wetu huu wa Unguja, mwaka 1989, wenye kamera hawajatuishia. Hutupiga kwa mbali, tumeinama. Siku moja nilipeleka vikapu vya ukili kwenye hoteli moja, nikainua macho ukutani, naona mgongo wa mtu. Sikuujua. Nilichokijua ni kanga. Jina lake "Mgeni njoo mwenyeji apone", ila kwa nilivyoifunga kiunoni yalisomeka maneno mawili tu: "Mgeni njoo". Pembeni bei, kwa dola. Nikauza vikapu vyangu nikarudi zangu, na baba'ako sijamwambia mpaka leo.

Likizo iliyopita wewe mwenyewe ulinihadithia habari za Dorothea Lange wa Marekani, aliyempiga picha yule mama pale Nipomo, California, kwenye kambi ya wachuma njegere, mwaka 1936, watoto wamemlalia mabegani. Picha ikazunguka dunia, na jina hakumwuliza. Ikafika 1978 ndipo watu wakajua kuwa ni Florence Owens Thompson, naye akalalamika kwamba haikumpatia hata senti. Ulihadithia kama somo la darasani. Mimi usiku ule nililala na mgongo wangu.

Sasa kazi yenyewe. Umesema mwalimu anapenda picha za alfajiri na jioni, jua likiwa laini. Mwanangu, sisi tunafuata maji. Siku za bamvua, bahari ikijaa na kupwa sana, maji hutoka vizuri kuanzia saa nne asubuhi, na jua likichomoza mashamba bado yamefunikwa. Maji mafu ndiyo hupwa asubuhi na jioni, lakini hayatoki ya kutosha. Ukituomba tuingie baharini alfajiri ili picha ipendeze, hiyo itakuwa michezo ya kuigiza. Lile jua la utosi lipige hivyo hivyo, ndilo linalotuchoma.

Wala usiishie kwenye migongo. Njoo tukiwa tumekaa barazani tunafunga mbegu, kamba magotini, taitai (vile vikamba vya kufungia) moja moja. Hapo ndipo maneno yote ya mji husemwa (mengine usiyarekodi). Njoo wingu likitanda na mwani umeanikwa, uone watu wazima wanavyokimbia. Njoo kwenye mizani, uutazame mkono wa anayepima, kisha jicho la mwenye mwani.

Halafu kuna mwani wa kotonii. Ulikuwa ukilipa kuliko aina ya pili, spinosamu, na skuli wewe umesomeshwa na huo. Maji yalipozidi joto ukawa unafia kambani. Kwenye maji ya kina unastahimili, lakini huko kunataka boti na kujua kuogelea, na wengi wetu hatujui. Kitu kisichokuwepo sijui utakipigaje picha. Labda zile kamba tupu zilizotundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jikoni.

Kuhusu ruhusa, nikikubali mimi nimejikubalia mimi. Kila mmoja mwendee kwake, piga hodi, keti, kunywa chai ukipewa, mwambie picha zinakwenda wapi. Bibi yako atakataa, nakwambia mapema, na usije ukamvizia akisali. Ile picha yangu na baba'ako iliyo kabatini unaijua? Tuliipiga mjini, Shangani, Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Fundi alisubiri mpaka nikauweka sawa mtandio. Saa ya mkononi ya baba'ako ilikuwa ya kuazima, na hakuna aliyemwambia aivue.

Kila utakayempiga mletee yake ya karatasi. Za kwenye simu hupotea simu ikitumbukia majini, na zetu hutumbukia.

Njoo mwezi ukikaribia kuandama, ulikute bamvua. Siku ya kwanza kamera itabaki nyumbani, maana nina magunia na mgongo hauko kama ule wa ukutani. Ukipita sokoni Darajani ninunulie viatu vya plastiki, nambari 39. Hivi vyangu vimetoboka kisigino.

Mama'ako