Mheshimiwa, kabla ya kupiga muhuri uliza kilicho chini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi na Mipango ya Miji, Kaunti ya Mombasa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mchimbaji wa visima na mashimo ya choo. Nifunge macho, nipe mtarimbo, nitakwambia tupo mtaa gani. Mji wa Kale mtarimbo unalia juu ya tumbawe. Changamwe unakutana na mwamba laini wa dongo, uliopangana tabaka tabaka kama chapati. Kando ya hori la Tudor haulii kabisa, unazama kwenye tope jeusi la mikoko linalonuka mayai viza.

Mwaka jana niliitwa kwenye ploti moja kando ya hori hilo. Futi nne tu, tope. Nikachungulia kwa jirani: nguzo za ghorofa sita zishaanza kupanda, na msingi ni wa kina kile kile wanachochimba mafundi kwenye jiwe. Nikamuuliza fundi kama udongo ulipimwa. Akacheka: "Mzee, plani ishapitishwa." Ndiyo maana nakuandikia wewe, si yeye.

Hofu yangu ni siku ardhi itakapotetemeka chini ya tope hilo. Utasema Mombasa haina zilizala. Kubwa hatujaiona, kweli. Lakini usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 ardhi ilitikisika chini ya bahari nje ya pwani ya Tanzania, tetemeko la ukubwa wa karibu 6, na vikombe vyangu vililia kabatini.

Tena tetemeko si lazima lizuke mlangoni pako. Tarehe 19 Septemba 1985 lilizuka moja la ukubwa wa 8 kwenye pwani ya Mexico, zaidi ya kilomita 300 kutoka mji mkuu. Mitaa ya mji huo iliyokaa juu ya mwamba ilipata hasara ndogo. Ile iliyojengwa juu ya tope la ziwa la kale iliporomoka, na watu wakafa kwa maelfu. Wimbi la tetemeko likitoka kwenye mwamba na kuingia kwenye tope hupunguza mwendo na kuinuka, kama mawimbi yetu yanavyoinuka yakifika maji mafupi. Kisha tope lenyewe lina mpigo wake. La kule kila lilipoyumba kwenda na kurudi lilichukua kama sekunde 2, na nyumba za ghorofa 6 hadi 15 zikaingia kwenye mpigo huo, zikawa kama bembea ya Idi inayosukumwa kila inaporudi. Nyumba fupi nyingi zilibaki zimesimama. Hebu hesabu ghorofa tunazojenga sisi siku hizi.

Mchanga uliojaa maji una balaa lake. Mtoto akikanyagakanyaga mchanga mbichi ufukweni, maji hupanda na mguu ukazama. Mjini Niigata, Japani, mwaka 1964, ardhi ya namna hiyo ilitikiswa ikawa uji, na majengo ya zege yakainama, moja likakaribia kulala ubavu, kuta zake zikiwa nzima. Fundi wa kuta hakukosea pale.

Sisemi tumbawe ni salama tupu. Lina mapango, mara nyingi mtarimbo umenitoka mkononi ukaingia patupu. Hilo nalo hulijui mpaka uchimbe.

Ninaloomba ni kwamba plani ya ghorofa isipigwe muhuri bila ripoti ya udongo uliochimbwa kwenye ploti hiyo hiyo, si ya ploti ya jirani wala ya kunakili. Na ripoti za miradi mikubwa zilizolala kwenye mafaili zikusanywe, itolewe ramani moja ya ardhi ya kaunti, ibandikwe ofisini: wapi jiwe, wapi tope, wapi kifusi kama Kibarani palipojazwa taka. Najua gharama itamuuma mwenye ploti ndogo. Basi nyumba ya chini isamehewe, ghorofa zisisamehewe.

Lile jengo kando ya hori limefika ghorofa ya tatu. Ukimtuma afisa wako, nitamsubiri pale na mtarimbo wangu.

Mchimbaji visima, Mombasa