Ticha, filamu haijaua kitabu

Ticha, mambo vipi mwanangu,

Meseji yako niliikuta usiku nafunga banda, nikaona hii siyo ya kujibu kwa kidole kwenye simu, ngoja nikae niandike vizuri. Huku Mwanjelwa baridi ya mwezi wa saba imeshika kisawasawa, wateja wanakuja kuwekewa muvi kwenye flashi wamejifunika mpaka masikio, na najua huko Kihesa hali ni hiyo hiyo so tusipeane pole. Shemeji na watoto hawajambo?

Haya tuje kwenye kesi yako. Unasema vijana wako wa kidato cha sita wamegoma kusoma Vuta N'kuvute, wanataka uwaoneshe filamu yake biashara iishe, na wewe umekasirika unasema filamu yenyewe imekiua kitabu cha Adam Shafi maana imekata vitu vingi mno. Kwenye hasira ya wanafunzi niko na wewe asilimia mia. Kwenye filamu hapana, pale unaionea.

Hebu fikiria. Kitabu kimetoka 1999, kinaanza na Yasmin binti mdogo kaozwa kwa Raza mtu mzima kabisa, kinavuka bahari mpaka Mombasa, kuna Mwajuma shoga yake, kuna Denge na harakati zake za kumng'oa mkoloni, kuna mapolisi wanaomwinda, kuna watu kibao wa Ng'ambo, mitaa ya Unguja, kila mmoja na mambo yake. Amil Shivji alivyoitoa filamu 2021 alikuwa na saa moja na nusu hivi, basi. Angebeba kila mtu wa kitabuni si ingekuwa kama matangazo ya vifo redioni, jina linafuata jina? Akachagua, akashika mapenzi ya Yasmin na Denge akayaweka katikati, mengine yakasogea pembeni. Na kuna sehemu kakipiga kitabu, ukubali ukatae. Kwenye kitabu taarabu unaisoma tu, unaambiwa kulikuwa na taarabu, wewe wa Iringa ambaye hujawahi kukaa Unguja unaijaza mwenyewe kichwani na unajaza ovyo. Kwenye filamu Mwajuma ni Siti Amina, mwimbaji wa taarabu kweli siyo wa kuigiza, mambo yanakuwa mengine kabisa. Filamu ile ndo nchi ikaipeleka kuwania Oscar, ko siyo mchezo mchezo.

Mimi ninavyoona tatizo siyo vilivyokatwa. Kinachopotea kitabu kikigeuzwa filamu ni msimulizi. Kwenye riwaya kuna mtu anakuongelesha muda wote, anajua Yasmin anawaza nini pembeni ya mume asiyemtaka, anakuchomekea neno lake kidogo, anacheka na wewe, anamsema mtu na mwenyewe hasikii. Kamera haijui hayo. Kamera inaona sura, kilichobaki ni kazi ya muigizaji na wewe uliyekaa kwenye kiti.

Unamkumbuka Okonkwo? Things Fall Apart ya Achebe ya 1958, ile Ndulute aliyoitafsiri ikaitwa Shujaa Okonkwo. Unatembea na huyu bwana kitabu kizima, mieleka yake, wake zake, ghala lake la viazi vikuu, Ikemefuna masikini, yule kijana aliyelelewa kwake, miaka 7 ya uhamishoni, afu anajinyonga. Na pale pale Achebe anakuchomoa kwa Waigbo anakuingiza ndani ya kichwa cha DC mzungu, anaondoka zake huku anawaza kitabu anachotaka kukiandika, anaona huyu aliyejinyonga anaweza kuandikiwa karibu sura nzima, afu anajisahihisha, labda siyo sura nzima, aya moja ya kueleweka inatosha. Yaani wewe umemsoma mtu kurasa na kurasa, mwenzako anampa aya. Mimi hapo huwa nakiweka kitabu chini naenda kuvuta hewa nje. Mwaka 1987 televisheni ya Nigeria waliifanya tamthilia, Okonkwo akawa Pete Edochie, yule yule mzee wa muvi za Kinaijeria, na mpaka leo nikifungua kitabu namuona yeye, sauti yake, kifua chake. Hapo tamthilia imeshinda. Lakini hesabu ile ya DC kichwani, sura nzima au aya, utaipigaje picha? Utamuonesha mzungu anatembea na kofia yake, mtazamaji atajua anawaza chai.

Waliojanja wanamuacha msimulizi aongee. The Shawshank Redemption ya 1994, hii naweka kwenye flashi za watu mpaka nimeizoea, wengi hata hawajui kama imetoka kwenye hadithi ya Stephen King ya 1982. Hadithi yenyewe siyo ndefu, ko muda ulitosha, na Frank Darabont akamuacha mfungwa Red asimulie kama kitabuni, Morgan Freeman anaongea taratibu juu ya picha na wewe unajikuta upo naye gerezani. Siyo kwamba hakubadilisha. Wakuu wa gereza kitabuni wanabadilishana, yeye kawasukuma wote ndani ya Norton mmoja, sawa, inasaidia kuwa na mtu mmoja wa kumchukia. Ila kwenye Tommy, yule mfungwa kijana anayejua kwamba Andy rafiki yake Red kafungwa bure, hapana, mimi na Darabont hapo hatuelewani. Kwenye filamu Tommy anapigwa risasi. Kitabuni anahamishiwa gereza lenye nafuu ili anyamaze, na ananyamaza. We si unakaa ofisi ya walimu, niambie kipi kinauma zaidi, mtu kuuawa au mtu kununuliwa kwa kinafuu kidogo? Na mwisho kitabu kinamuacha Red safarini na matumaini yake tu, filamu ikampeleka mpaka ufukweni wanakutana na Andy. Hiyo nawasamehe, watu walishalipa kiingilio.

Sasa nikuchekeshe. Sisi wa vibanda umiza tulishalimaliza hili tatizo zamani, tangu enzi za Lufufu, yule aliyekuwa anatafsiri muvi za nje kwa kuongea Kiswahili juu ya picha, kazi ambayo anayeifanya tunamuita DJ. Kuna mama muuza vitunguu hapa jirani, akileta flashi anasema niwekee zilizotafsiriwa, hizi za kusoma soma chini mpelekee mwalimu. Basi siku moja kakaa hapa bandani anasubiri zimalize kuingia, kwenye skrini kuna adui kakaa mezani anakunywa kahawa, haongei chochote, mdomo umefungwa kabisa, na DJ anasema hapa anajiambia moyoni, huyu kijana nikimwacha mpaka kesho atanizika, na bahati mbaya mke wangu ameshampenda. Mama akaguna, eeh na kweli. Hakuna mtu aliyesema hivyo kwa Kiingereza! DJ kamrudisha msimulizi kwenye filamu kwa nguvu, kaingia kichwani mwa adui bila hodi. Mengine anatunga, nakubali, utamsikia polisi wa Marekani analalamikia daladala za Manzese, lakini kazi anayoifanya ni ile ile ya mwandishi wa riwaya na wasomi wenu hawampi hata shikamoo.

Ko kwa vijana wako fanya hivi. Usiwanyime filamu, ukiwanyima wataitafuta wenyewe na kitabu hawatakigusa. Wape kwanza kitabu wasome mpaka Yasmin anapomkimbia Raza, wape na tarehe. Siku ikifika washa filamu, chagua kipande ambacho Yasmin yupo kimya, afu zima sauti. Msimamishe mmoja mbele awe DJ. Atuambie huyu dada anawaza nini, anaogopa nini, kwa nini hamwangalii mumewe, na kila anachosema akioneshe kwenye ukurasa. Akisema kitu hakipo kitabuni darasa lizomee. Asiyesoma utamjua hapo hapo, hata mtihani huhitaji kutunga. Na waliosoma wataanza kubishana, mwingine atasema muigizaji kakosea pale, mwingine atasema hapana kapatia, na swali la NECTA la wahusika wanakuwa wamelijibu bila wewe kushika chaki.

Mchele wa Kyela nimekuwekea, naupakia kwenye basi la Jumamosi, mwambie shemeji aupokee stendi Igumbilo, nitampigia namba ya gari ikishaondoka. Na wewe ukinitumia ulanzi safari hii ufunge mfuniko vizuri, kondakta wa mara ile bado ananisema.

Afu ukimpata kijana anayetafsiri vizuri mpe namba yangu, huku banda linahitaji DJ.

Ni mimi mwanao wa Mwanjelwa