Kwa wanangu wa kikoba chetu, Mtoni: mwenye mgonjwa wa vidonge asimfungie ndani

Wanangu,

Jumamosi tulipomaliza kuhesabu hisa, mmoja wenu alinivuta pembeni akaniambia mumewe hawezi kulala bila tramadol, vile vidonge vya maumivu makali. Alinong'ona kama anayekiri wizi. Sijafika nyumbani, wa pili akanipigia. Kwake yeye ni mtoto. Nimeona niwajibu nyote kwa pamoja.

Mdogo wangu wa mwisho alianguka na bodaboda, akavunjika paja. Vidonge aliandikiwa na daktari, na kwa haki, maana maumivu yale hayavumiliki. Mfupa ukaunga, vidonge vikabaki. Viwili vikawa vinne, vinne vikawa kumi. Mwili ukishazoea, cha jana leo hakitoshi. Cheti kilipoisha akapata duka la dawa lisilouliza cheti. Usiku mmoja akaanguka degedege mbele ya wanawe. Tramadol ikizidi hufanya hivyo, lakini sisi tulihangaika kutafuta aliyemroga.

Tulipojua ukweli, nikafanya kosa ninalowaomba msilirudie. Nilimwaga vidonge chooni, nikamfungia chumbani, nikakaa mlangoni na tasbihi. Jasho, kuhara, miayo, mifupa inamuuma hadi analia: arosto kamili, yale mateso ya mwili uliokosa dawa ulioizoea, tunayodhani ni ya wavuta unga tu. Ilipopita nikashukuru Mungu. Baada ya wiki chache akameza kiasi chake cha zamani, na mwili ulikuwa hauna tena mazoea yale. Tulimkuta anakoroma, midomo imebadilika rangi, haamki. Jirani mwenye bajaji ndiye aliyetuwahishia hospitali.

Huko ndiko nilikojifunza kwamba huu ni ugonjwa na una matibabu. Yeye alipunguziwa dawa kidogo kidogo, na akapata mtu wa kuzungumza naye. Wengine hupewa methadone, dawa ya kunywa inayotuliza arosto: Muhimbili walianza mwaka 2011, wakafuata Mwananyamala na hapa kwetu Temeke. Kwa kawaida hunywewa palepale mbele ya mhudumu, kila siku, bila malipo. Nani anafaa kipi, daktari ndiye aseme, si mimi wala jirani.

Kumwambia kuna wakati wake. Msimkabili akiwa na arosto, wala mbele ya wakwe. Mwambie asubuhi akiwa ametulia, umwambie ulichokiona kwa macho yako, na neno teja lisikutoke. Akikataa, nyamaza, urudi tena kesho kutwa. Mimi nilirudi mara tano. Ila akichanganya vidonge hivyo na pombe au dawa za usingizi, msingoje siku nyingine, pumzi hukatika. Na ukimkuta haamki, mlaze ubavu, mkimbize hospitali, aibu mtaiona baadaye.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa kituo cha basi, kwa Azizi Ally, nimevaa kitenge chetu cha kikundi. Mwenye mgonjwa aje naye. Kama bado hajakubali, njoo peke yako, tukamuulize daktari pa kuanzia.

Bibi yenu