Mwanangu, kabla hujaenda kumchukua huyo mbwa

Mwanangu,

Umeniambia Jumamosi unakwenda kumchukua dume la mbwa wa Kiafghani kutoka kwa watu wa uokoaji wanaowatunza mbwa waliotelekezwa, na picha uliyonitumia nimeiona: zulia lililonyeshewa, lenye pua. Naanza na nywele, maana hapo ndipo wengi hukosea, na hukosea kwa huruma.

Usijaribu kuziokoa. Nywele hizi ni ndefu, nyembamba na laini. Zikiachwa wiki kadhaa bila chanuo hushikana kuanzia chini, kwenye ngozi, huku juu zikionekana nzima. Zikishafika hali ile ya kwenye picha, kuzichambua ni kumtesa mnyama asiyekujua bado. Nyoa zote. Wala usimwogeshe kwanza, kwa sababu maji huyakaza mafundo na mashine ya kunyolea haitapita tena. Mkasi usiuguse kabisa: ngozi huvutwa ikaingia ndani ya fundo, ukikata fundo umekata na ngozi. Tumia mashine yenye bledi namba 10, ilaze bapa kati ya ngozi na fundo, na mkono wa pili uinyooshe ngozi. Bledi hupata moto upesi, kwa hiyo kila baada ya dakika chache iguse kwa ndani ya mkono wako. Ikikuchoma wewe, inamchoma yeye. Pabaya zaidi ni nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na katikati ya vidole.

Masikio yana jambo lake. Fundo zito likitoka, damu hurudi kwa nguvu kwenye ncha ya sikio, mbwa huwashwa, hutikisa kichwa kwa fujo, na mshipa hupasuka ndani ya sikio likavimba. Mvalishe soksi ya kichwa kwa saa chache baada ya kunyoa. Hiyo ni kitambaa chepesi kilichoshonwa mviringo, chenye mpira pande zote mbili. Itakufaa pia kila anapokula, maana masikio yake hufika kwenye sahani kabla ya mdomo.

Ukiona vidonda chini ya mafundo, mwachie daktari wa mifugo. Kabla ya dawa ya usingizi mwambie, hata kama unadhani anajua: mbwa hawa wanaowinda kwa macho wana mafuta machache mwilini, na maini yao huvunja polepole dawa za jamii ya thiopento, kwa hiyo huchelewa mno kuamka. Dawa nyingine zipo. Apimwe uzito siku hiyohiyo, asikadiriwe kwa macho.

Sasa mlango. Mbwa wa kuokolewa hupotea zaidi siku za mwanzo, na hupotea mlangoni au pale gari linapofunguliwa. Kola ya kawaida haimfai, kwa sababu kichwa chake ni chembamba, ikivutwa hupita masikioni ikabaki mkononi mwako. Nunua pana, ya kujikaza yenyewe, upana wa sentimita nne au tano. Kamba isitoke popote pasipo na uzio, hata akionekana ametulia. Akiona paka ng'ambo ya barabara hasikii jina lake tena, na mbio zake zinapita kilomita 50 kwa saa. Uzio uwe mita 1.8, na ukague chini kama ulivyokagua juu. Akichoropoka usimkimbize. Kimbia upande wa pili au kaa chini, na uache mlango wa gari wazi.

Chakula mpe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku mwanzoni, baadaye mara mbili, na apumzike saa nzima kabla ya kukimbia. Tumbo likiwa gumu, akijaribu kutapika bila kutoa kitu, hiyo si ya kusubiri asubuhi: tumbo linaweza kuwa limejinyonga. Ila usimnenepeshe kwa sababu unaona mifupa miwili ya nyonga. Ile lazima ionekane, ndivyo alivyoumbwa. Ndiyo maana pia anahitaji godoro nene. Sakafu ngumu humtoa sugu za viwiko.

Nywele zitarudi, ila zitachukua kama miaka miwili kushuka hadi chini. Mgongoni usizingojee, pale fupi ndizo za asili. Na kwa kuwa amehasiwa, zitakazoota zitakuwa nzito na zenye sufi, zinashikana upesi kuliko za dume asiyehasiwa. Usichane zikiwa kavu, zitakatika. Nyunyiza maji yenye kondishena kidogo. Mlaze ubavu, zinyanyue nywele kwa mkono, shusha tabaka jembamba moja moja kuanzia mguuni kwenda juu, na brashi ya pini isiyo na vitone nchani ianzie kwenye ngozi. Kuoga ni kila wiki au siku kumi: shampuu iliyochanganywa na maji mengi, unaikamua kushuka chini, husugui kwa mviringo. Kisha draya na brashi kwa pamoja mpaka ngozi ikauke. Ukimwacha ajikaukie, kesho utakuwa unatafuta ile mashine.

Umeuliza kama unaweza kumpeleka kwenye maonyesho. Bila karatasi za ukoo na usajili wa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, haingii kwenye madaraja ya jamii yake, na wa kuokolewa wengi huja bila karatasi. Si hasara. Mary Amps, mfugaji wa mbwa wa Kiafghani, alipoleta mbwa wake Uingereza kutoka Kabul mwaka 1925, watu waliona ule mkondo wa milimani wenye nywele nzito, tofauti na mkondo uliotangulia kuletwa, wa Bell-Murray, wenye nywele chache. Nywele zikawa fahari ya uwanjani, na mbwa wa Kiafghani akashinda Crufts, maonyesho makubwa ya mbwa ya Uingereza, mwaka 1983, tena 1987. Lakini umaarufu wa miaka ya 1970 ulileta wanunuzi waliompenda kwenye picha, wasioziweza saa za kuchana, na ndio waliojaza nyumba za uokoaji. Jaji mzuri, kwa maoni yangu, huingiza vidole ndani ya nywele akatafuta bega na nyonga. Anayetazama nje tu anapiga kura ya kondishena.

Mfundishe kusimama hata hivyo: miguu ya mbele chini ya bega, ya nyuma wima kuanzia kifundo, kichwa juu bila kumnyonga kwa kamba. Daktari atakushukuru.

Mashine naituma kwa posta pamoja na bledi mbili namba 10 na mafuta yake. Ya tatu nunua wewe, maana mbili hazitamaliza mbwa mzima.

Mama yako