Barua ya wazi kwa wanangu wa fizikia mnaogombania herufi

Wanangu,

Siku ile ya hafla ya chama chetu cha fizikia nilikalishwa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, ndiko wanakowekwa wastaafu. Basi niliyaona ambayo meza kuu haikuyaona. Nilimwona kijana wangu mmoja, niliyemfundisha kanuni ya Ohm mimi mwenyewe, akimrudisha mshereheshaji kwenye kipaza sauti kwa kuwa amesahau kusoma herufi za vyeo zinazofuata jina lake. Zikasomwa upya, zote. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainamia kikombe changu cha chai.

Zikaja tuzo za heshima. Aliyelipia chakula akavishwa joho. Mheshimiwa mmoja akakiri palepale kwamba fizikia ilimshinda tangu kidato cha tatu, ukumbi ukacheka, naye akavishwa. Usiku huo sikulala.

Msidhani navipinga vyeo. Kuna wanaovilinda. American Physical Society, chama cha wanafizikia cha Marekani kilichoanzishwa 1899, kwa mwaka haichagui Mafelo wapya, yaani wanachama wa daraja la heshima, zaidi ya nusu ya asilimia moja ya wanachama wake, wanafunzi wakiwa nje ya hesabu. Watano katika kila 1000! Tena ni wenzako wanaokupendekeza, wakieleza hasa umeongeza nini kwenye fizikia. Institute of Physics, chama cha wanafizikia cha Uingereza, ina utaratibu wake: ufelo wa kawaida unauomba mwenyewe, na unalipiwa ada kila mwaka. Ufelo wa Heshima ni jambo jingine kabisa, nao ndio wa juu. Hivi viwili msivichanganye mnapojitambulisha. Na ile barua pepe aliyonionyesha mwenzenu, ya chama asichowahi kukisikia kinachomwita awe Felo mradi atume dola kwanza, hiyo ni biashara ya mtu. Ifute.

Sasa niseme lililonikosesha usingizi. Mnakumbuka kipaza sauti kilipozimika katikati ya hotuba? Aliyetoka nyuma na bisibisi mfukoni ni fundi wetu wa maabara. Alipiga goti, akafungua kiunganishi, akakuta uzi umekatika, akaukwangua ganda kwa meno, akausokota, akafunga. Sauti ikarudi. Akaondoka kwa mlango wa jikoni, hata sahani hakupewa. Mtu huyu ameziweka hai osiloskopu zetu, zile mashine za kuonyesha mawimbi ya umeme, kwa vipuri vya redio mbovu kabla baadhi yenu hamjazaliwa. Vipimo vilivyo kwenye tasnifu zenu vimetoka kwenye mashine alizozifufua yeye. Nani kati yenu amewahi kuandika jina lake hata kwenye ukurasa wa shukrani? Nauliza, nijibuni!

Hili si jipya, nanyi mnaijua hadithi ya Mpemba, ila nadhani mnaijua nusu. Mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa mwanafunzi wa Magamba Sekondari, aliweka maziwa ya moto ya aiskrimu kwenye friji ili awahi nafasi, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, aliporudi Dar alimtuma fundi kijana wa maabara ajaribu. Fundi akaleta majibu kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia hadi wapate jibu sahihi! Makala ikatoka 1969 katika Physics Education, jarida la Institute of Physics hiyohiyo, na majina mawili juu yake: Mpemba na Osborne. Mkono uliobeba yale maji haukuandikwa pale juu.

Jocelyn Bell Burnell, mwanafizikia wa anga wa Uingereza, naye anajua ladha ya kuachwa. Alizigundua pulsa, nyota zinazotuma mawimbi ya redio kwa mapigo, 1967 akiwa mwanafunzi. Nobeli ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Hewish pamoja na mwanaastronomia mwenzake Ryle. Hakununa. Aliiongoza Institute of Physics kuanzia 2008, na 2018 alipopata tuzo ya dola milioni 3 aliitoa yote kwa chama hicho, isomeshe wanafunzi wa udaktari kutoka makundi yanayosahaulika kwenye fizikia.

Mengine kwa ufupi. Lipeni ada. Msimpendekeze mtu ambaye kazi yake hamjaisoma. Ukikataliwa, usihame chama.

Najua ugonjwa huu hamkuuanza ninyi. Kadi za harusi sasa zina vyeo virefu kuliko jina la bibi harusi. Hata matangani, marehemu hajashushwa kaburini, watu wanagombea nani asomwe Daktari na nani Profesa. Mtoto akikua anaona hivyo, atajuaje kwamba joho linafuata kazi? Nawalaumu, lakini nawaonea huruma pia.

Fomu ya kupendekeza mwanachama wa heshima nimeshaichukua kwa katibu, na jina la fundi nimelijaza mwenyewe, kwa wino. Zinahitajika saini mbili za wanachama hai, na ya kwangu ni moja. Nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri. Atakayekuja kwanza ndiye atakayeweka ya pili, na wewe uliyemrudisha mshereheshaji, ningefurahi ukiwa wewe.

Mwalimu wenu mstaafu