Karatasi ya haki za mfanyakazi ibandikwe ukutani

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu alifanya usafi kwenye nyumba moja ya wageni hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka miwili. Mimba ilipofika miezi sita, msimamizi alimwita mapokezi, akamtaka arudishe sare na funguo za stoo ya mashuka, akamwambia, "Pumzika kwanza mama, tutakupigia." Hakupewa barua wala notisi. Mshahara wa siku alizokwisha kufanya mwezi ule aliambiwa atatumiwa kwenye simu.

Akasubiri. Alikuwa analala na simu chini ya mto. Nikimwambia twende tukaulize, ananionyesha ujumbe wa msimamizi: "Vumilia, nitakupigia wiki ijayo." Aliogopa kwamba tukishitaki ndiyo hatarudishwa kabisa, na kwa hilo simlaumu.

Tulipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, tuliulizwa tarehe: aliachishwa lini? Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa afungue mgogoro ndani ya siku 30. Sisi tulikuwa siku ya 47. Migogoro mingine ya kazi imepewa siku 60, lakini huyu ambaye kibarua kimeota nyasi, hana hata nauli ya daladala, ndiye aliyebanwa zaidi. Ipo fomu ya kuomba kusamehewa ucheleweshaji, ila inataka sababu nzito, na "sikujua sheria" haihesabiki.

Uchungu wangu uko hapo, maana hoja alikuwa nayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya ujauzito, na inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Mdogo wangu hakuwa na mkataba wa maandishi, na wengi wa aina yake hunyamaza kwa sababu hiyo tu. Kumbe sheria inamtaka mwajiri amwandikie mfanyakazi masharti ya kazi yake, na asipoweza kuyatoa kesi inapofika, ni juu yake kukanusha anachodai mfanyakazi.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 16, inamwamuru kila mwajiri abandike taarifa ya haki za wafanyakazi mahali panapoonekana wazi. Nilirudi pale mapokezi kufuatilia mshahara wake, na nilivyowekwa nisubiri nikausoma ukuta mzima. Leseni ya biashara ipo, imewekwa kwenye fremu. Bei za vyumba zipo. Lipo tangazo la kukataza wageni kupika chumbani, ipo na kalenda ya mwaka jana. Karatasi ya kifungu cha 16 haipo. Tangu siku hiyo kila ninapoingia naangalia kuta: migahawa ya Majengo, maduka ya vifaa vya ujenzi, saluni, gereji. Sijaiona hata moja.

Tangu Serikali ihamie hapa, nyumba za wageni na migahawa zimeongezeka kila mtaa, na wanaotandika vitanda na kuosha vyombo ni vijana waliotoka Kongwa, Bahi na Chamwino, wengi ndiyo wanaonja mshahara kwa mara ya kwanza. Habari ya siku 30 wataisikia kwa nani?

Nawaomba maafisa kazi wa mkoa, kwa kuwa sheria imewapa mamlaka ya kuingia sehemu za kazi na kukagua, waanze na ukuta. Karatasi iwe ya Kiswahili, siku 30 ziandikwe kwa herufi kubwa, na chini yake paelezwe ofisi ya Tume ilipo. Wizara nayo naiomba ifikishe muda huo siku 60, angalau kwa mtu aliyeondolewa kwa mdomo bila barua.

Fomu ya kuomba kusamehewa ucheleweshaji tumeshaipeleka. Sababu aliyoiandika ni kwamba aliambiwa atapigiwa, na ule ujumbe wa msimamizi ameuambatisha. Tunasubiri kupangiwa tarehe.

Mkazi wa Nkuhungu,
Dodoma